Kozi ya jioni ya ramani na AutoCAD, Mbeya: penseli wanaiweza, printa bado

Kozi hii ya kuchora ramani za nyumba, kwa mkono kisha kwa AutoCAD (programu ya kuchorea kwenye kompyuta), ni ya wiki 12, jioni tatu kwa wiki, katika chuo kidogo cha ufundi jijini Mbeya. Wiki nne za mwanzo kompyuta haiguswi, na hapo ndipo ada inaporudi. Kila mtu anapata ubao wa A2, T-skwea (rula ndefu yenye umbo la T), seti-skwea mbili, rula ya skeli na penseli mbili: 2H ya mistari ya kutafutia, HB ya mistari ya mwisho na herufi. Mwalimu hana mchezo na kichwa cha T-skwea. Kila mstari unapopigwa, kichwa kibanwe ukingo wa kushoto wa ubao. Kikilegea kidogo tu mistari inaacha kuwa sambamba, na kosa hulioni mpaka chumba cha nne kikatae kufunga.

Sehemu ya kuonyesha kitu kwa pande zake tatu pia imefundishwa vizuri. Kwa utaratibu unaotumika kwetu, mwonekano wa juu unakaa chini ya mwonekano wa mbele, na upande wa kulia unachorwa kushoto. Wamarekani wanafanya kinyume, kwa hiyo anayejazia masomo kwa video za huko mtandaoni huchanganya yote mawili kwenye karatasi moja bila kujua.

Kwenye kompyuta mambo yanaanza kuyumba. Amri za kuchora zinafundishwa kwa kibodi, L (mstari), O (mstari sambamba), TR (kupunguza mstari), F (kufunga kona), jambo la kusifiwa, maana anayewinda vitufe kwa mausi hatakuja kuwa na kasi. Leya, yaani tabaka za mchoro, nazo zinapangwa mapema: kuta zilizokatwa kwa mstari wa unene wa milimita 0.5, milango na madirisha 0.35, vipimo 0.18. Ila hakuna anayeeleza faili linaanzia wapi. Ukianza na kiolezo cha acad.dwt umeingia kwenye inchi. Cha milimita ni acadiso.dwt. Skrini haikuambii kitu, 3600 inabaki 3600. Matatizo yanakuja siku unapoleta kwenye ramani ya milimita mlango kutoka faili lingine lililoanzwa kwa inchi: ule wa milimita 900 programu inaudhani ni wa inchi 900, inazidisha kwa 25.4, na mlango unatua kwenye ramani ukiwa na upana wa mita 22.86. Andika UNITS uchague milimita kabla ya mstari wa kwanza, basi.

Udhaifu mkubwa ni kuprinti. Somo lina jioni moja tu, na linaishia kwenye kutoa PDF. Chukua nyumba ya mita 12 kwa 10. Kwa skeli ya 1:50 inakuwa milimita 240 kwa 200, inaenea vizuri kwenye A3 na nafasi ya vipimo inabaki. Sasa mwanafunzi anapeleka PDF stesheneri, kijana wa pale anaacha chaguo la kutosheleza ukurasa, na printa inapunguza mchoro mpaka asilimia 96. Kwa macho huoni tofauti. Lakini ile 240 imekuwa 230.4, na fundi akiweka rula na kuzidisha kwa 50 anapata mita 11.52. Karibu nusu mita ya nyumba imebaki stesheneri. Dawa yake ni rahisi na ilipaswa kuwa somo la kwanza: pembeni ya karatasi chora mstari wa milimita 100 kamili, agiza iprintiwe kwa ukubwa halisi, asilimia 100, kisha upime mstari huo kabla hujalipa.

Kundi hilohilo la makosa lina urefu wa herufi. Herufi za milimita 2.5 kwenye karatasi ya 1:100 zinataka 250 ndani ya mchoro, maana kwenye kompyuta nyumba inachorwa kwa ukubwa wake halisi; kwa 1:50 ni 125. Ukiandika 2.5 unapata vumbi.

Jambo jingine la kushangaza kwa chuo cha Mbeya: zoezi la mwisho ni nyumba ya vyumba vitatu kwenye kiwanja tambarare, kana kwamba tuko bonde la Usangu. Viwanja vingi vya hapa mjini vinashuka. Mteremko wa 1 kwa 8 chini ya nyumba ya mita 12 unaleta tofauti ya mita 1.5 kutoka kona hadi kona, na msingi lazima upande kwa ngazi. Kila ngazi iendane na kozi za tofali, yaani safu zake: tofali lenye kimo cha milimita 230 na udongo wa kujengea wa 20 ni 250, kwa hiyo mita 1.5 ni kozi sita kamili. Ukichora ngazi ya 400, fundi atakata matofali au atajaza zege, na gharama itamwangukia mwenye nyumba. Somo hili la mkato, yaani mchoro wa nyumba kana kwamba imepasuliwa kutoka juu hadi chini, halipo kabisa.

Kompyuta zao zinatosha kwa michoro bapa. UPS (betri za akiba) hazipo, na umeme ukikatika kazi ya nusu saa inaondoka. Andika SAVETIME uweke 5, programu ijihifadhi kila dakika tano, na ujue kwamba faili la akiba la .bak ukilibadilisha jina kuwa .dwg linafunguka. Ukija na laptop yako iwe na RAM ya GB 8 kwenda juu, na mausi yenye gurudumu ni lazima. Leseni ya mwanafunzi ya Autodesk ni ya bure kwa mwaka mmoja na inahuishwa ukiwa bado masomoni, ila si ya kazi za kulipwa. 3D ina jioni mbili; usiihesabu.

Anayetoka sifuri aende, hasa kwa zile wiki nne za penseli. Anayejua kuchora tayari na anataka kompyuta tu, kwanza aombe kuona kazi ya mwanafunzi iliyoprintiwa, na aende na rula yake mfukoni.