Pampu ya upepo kwa safari ya peke yako, Laisamis hadi North Horr: ipi ununue

Watazamaji, karibuni. Mezani leo kuna pampu mbili za kujaza upepo matairi ya gari, za volti 12, na swali ni moja tu. Ukiwa peke yako, gari moja, unaacha lami pale Laisamis, kaskazini mwa Kenya, unakwenda Loiyangalani, kisha North Horr, Kalacha, Maikona na kutokea Marsabit, ubebe ipi? Jibu nalitoa sasa hivi ili mwenye haraka asisubiri: beba hii ya kulia, ya kubana kwenye betri. Hii ya kushoto, ya kuchomeka kwenye soketi ya sigara, inafaa mjini. Sasa tuone kwa nini, maana wanunuzi wengi hutazama namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, na namba hiyo ndiyo yenye msaada mdogo kuliko zote.

Hebu soma hapa: PSI 150, PSI ikiwa kipimo cha shinikizo la upepo. Tairi la Hilux au Prado, hata likibeba mzigo, halihitaji zaidi ya 40 hivi. Hiyo 150 ni mwisho wa nguvu za pampu, mahali ambapo inahema tu na haipitishi hewa ya maana. Utafute mambo mawili mengine: inasukuma lita ngapi kwa dakika, na inaruhusiwa kufanya kazi dakika ngapi kabla ya kupumzishwa. Hilo la pili mara nyingi limeandikwa kwa herufi ndogo kwenye karatasi ya maelezo. Likikosekana kabisa, rudisha boksi kwenye rafu.

Kwa nini upepo uwe jambo kubwa hivi huko kaskazini? Kwa sababu njia hiyo moja ina barabara tatu ndani yake. Kutoka Laisamis unapita murramu pana, ile iliyokarabatiwa kama kilomita 208 ili kupitisha mitambo 365 ya umeme wa upepo. Hapo adui ni mawimbi ya barabara, yale yanayolitetemesha gari kana kwamba linapita juu ya mabati. Ukishapita mitambo na kuanza kushuka ziwani Turkana, unaingia kwenye mawe meusi ya volkano yenye makali. Ukivuka Loiyangalani kuelekea North Horr na Kalacha, unakutana na mchanga wa laga, yaani mito mikavu ya msimu, na uwanda wa jangwa la Chalbi. Tairi lenye upepo mmoja haliwezi kuzitendea haki barabara zote tatu.

Kwa gari la tani mbili na ushei, lenye mzigo wa kawaida, anzia hapa. Lami, fuata kibandiko kilichopo mlangoni mwa dereva, kwa kawaida 30 na kitu mbele, zaidi kidogo nyuma. Kwenye murramu shuka hadi 26 au 28, na usizidishe kilomita 60 kwa saa. Kwenye mchanga laini shuka hadi 18, mwendo usivuke 40. Kwenye mawe ya volkano usibaki na 18, rudisha hadi 26 au 28. Hapa wengi hukosea, wakidhani kwamba laini ndiyo salama popote. Tairi lililolegea huvimba ubavu, na ubavu ndio sehemu nyembamba kuliko zote. Jiwe la Turkana likiugusa, linaupasua kama kisu. Likijazwa sana nalo, tairi linakuwa gumu, haliwezi kulikumbatia jiwe, na linachomwa usoni, pale panapogusa barabara. Kwa hiyo katika siku moja unaweza kupunguza upepo mara mbili na kuujaza mara mbili. Hiyo ndiyo kazi ya pampu katika safari hii. Pancha ni kazi ya ziada.

Tupige hesabu. Tairi la saizi ya 265/65 R17 lina nafasi ya karibu lita 70 ndani. Kulipandisha kutoka 18 hadi 35 ni kuongeza PSI 17, na angahewa moja, yaani shinikizo la hewa inayotuzunguka, ni PSI 14.7, kwa hiyo (17 gawa kwa 14.7, mara 70) unahitaji kusukuma ndani yake kama lita 80 za hewa. Mara nne, lita 320. Pampu inayopitisha lita 30 za kweli kwa dakika itamaliza matairi yote kwa dakika 11 hivi. Ndogo inayopitisha lita 10 itahitaji dakika 32. Sasa ukumbuke kwamba ndogo nyingi zinaagiza ufanye kazi dakika 10 au 15, kisha uipumzishe muda kama huo au zaidi. Hizo dakika 32 zinageuka kuwa saa nzima, juani, bila mti. Kuna watu wanaoibana tu iendelee, na ndipo plastiki ya ndani inapolainika, ringi ya pistoni inaisha, na pampu inabaki kunguruma bila kutoa kitu. Na nasema lita za kweli kwa makusudi: zile za kwenye boksi hupimwa mpira ukiwa wazi, haujafungwa kwenye tairi. Ukishafungwa, tarajia nusu.

Umeme sasa. Soketi ya sigara kwenye magari mengi ina fyuzi ya ampea 10 au 15. Pampu yenye nguvu huvuta ampea 20, 30 na zaidi. Hata ukipata mtu wa kukubadilishia kichwa chake ili ichomeke kwenye soketi, utaunguza fyuzi tu. Na usiweke fyuzi kubwa zaidi ili kuinyamazisha, kwa sababu waya wa nyuma ya dashibodi ni mwembamba na fyuzi ndiyo inayouzuia usishike moto. Pia soketi hiyo ndiyo unayochajia simu yenye ramani. Ukiizima kati ya kijiji cha Gas na North Horr umejipunguzia vitu viwili kwa mpigo.

Kabla hujalipa, kuna kipimo ambacho muuzaji hatakuambia. Chukua futi kamba upime waya wa pampu pamoja na mpira wake. Betri iko mbele chini ya boneti, gurudumu la mbali liko nyuma upande wa pili, na pikapu ya milango minne ina urefu wa mita tano na zaidi. Hii ya kulia ina waya wa mita mbili na nusu na mpira wa mita tano, inafika. Ya kushoto ina mpira wa nusu mita na waya wa mita tatu. Itafika magurudumu ya mbele, nyuma utapapasa. Ukienda Kirinyaga Road pale Nairobi, mwambie muuzaji afungue boksi na anyooshe waya na mpira wote pale mbele ya duka.

Sogea karibu na kamera nikuonyeshe inavyofungwa. Kwanza injini inawashwa na kuachwa ikiunguruma, gia huru, breki ya mkono juu. Klipu nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Pampu haiwekwi mchangani: inatandikiwa mkeka wa mlangoni au kipande cha turubai, kwenye kivuli cha gari, upande usiopigwa na upepo. Upepo wa Loiyangalani hubeba mchanga, na kichujio hiki cha sponji, mnakiona, ukubwa wa kifuniko cha soda, kinajaa haraka. Kisha skrubu kichwa cha mpira kwenye vali kwa vidole, polepole. Kikienda upande, kitakula nyuzi za vali na hutapata vali nyingine hapo. Washa. Ukimaliza, shika kichwa hicho kwa kitambaa, kwa sababu shaba imepata moto wa kuchoma ngozi.

Geji iliyopo kwenye mpira isikudanganye. Pampu ikifanya kazi, inasoma shinikizo la ndani ya mpira, ambalo liko juu kuliko la tairi. Zima, subiri sekunde tatu, ndipo usome. Beba geji nyingine ya pembeni, ya mkononi, ya sindano, usome asubuhi kabla ya kuondoka. Tairi lililokimbia saa mbili kwenye jua hupanda PSI 4 hadi 6 juu ya ile ya baridi. Ukilipunguza hapo kwa kudhani limezidi, kesho asubuhi litakuwa chini. Halafu kama umepita njia ya Maralal badala ya Laisamis, ujue umeteremka zaidi ya mita 1,500, na kushuka huko peke yake kunapunguza usomaji wa geji kwa PSI 2 na kitu, lakini joto la ziwani linarudisha karibu kiasi hicho hicho. Kwa hiyo geji ikikuonyesha vile vile, haijaharibika.

Pampu bila vifaa vya pancha ni nusu ya kifaa. Vifaa vyenyewe ni vitatu: chuma cha kukwangulia, sindano yenye tundu, na vipande vya kamba ya raba yenye gundi. Mwage maji ya sabuni usoni mwa tairi, tafuta mapovu, chomoa msumari au mwiba kwa koleo. Ingiza chuma cha kukwangulia na ukizungushe, sukuma na vuta mara kumi hivi, hadi kipite bila kukwama. Watu huogopa hatua hii kwa sababu wanaona wanaongeza shimo, lakini bila kukwangua, raba haishiki. Pitisha kamba kwenye tundu la sindano, isukume ndani hadi zibaki ncha za sentimita moja na nusu nje, kisha vuta sindano kwa ghafla moja. Kamba inabaki. Kata ncha, uache milimita 5, jaza upepo, mwagia tena sabuni. Shimo kubwa linaweza kumeza kamba mbili au tatu, si kosa.

Ubavu ukipasuka, usihangaike na kamba. Toa tairi, weka spea. Ndiyo sababu anayekwenda peke yake anabeba spea mbili kamili, pamoja na ubao wa sentimita 30 kwa 30 wa kuweka chini ya jeki isizame mchangani. Na Chalbi ikiwa imenyeshewa, pampu yoyote haitakusaidia: juu panaonekana pakavu kwa gamba la chumvi, chini ni tope la kumeza ekseli. Uliza polisi au madereva wa malori North Horr kabla hujaingia, pamoja na habari za usalama wa njia. Wakikuambia subiri, subiri.

Vipi zile zisizo na waya, zenye betri ya lithiamu? Ni nzuri kuongeza PSI tano kwenye tairi moja asubuhi. Lakini mara nyingi chaji moja haitoshi lita 320, na betri hizo huchoka upesi zikiachwa ndani ya gari lililofungwa juani. Kama una nafasi ya kubeba akiba, afadhali pampu ya miguu. Ni zaidi ya mikanyago 200 kwa tairi moja, jasho litakutoka, lakini haina fyuzi ya kuungua.

Kilichobaki ni matunzo. Mawimbi ya murramu hulegeza skrubu nne za kichwa cha silinda. Kila jioni zikaze kwa bisibisi, robo mzunguko tu, usizivunje. Sponji ioshe kwa sabuni, ikauke kabisa kabla ya kurudi. Pampu ifungwe blanketi na kubanwa isirukeruke, na visindano vya vali viwili vitatu pamoja na ufunguo wake viwe ndani ya mfuko huo huo. Na wiki moja kabla ya safari, nyumbani, punguza matairi yote manne hadi 18, uyajaze hadi 35, saa mkononi. Kama pampu itajizima kwa joto, ijizime ukiwa bado mtaani, muuzaji yuko karibu na risiti ipo mfukoni.