Taa tatu za umeme ukikatika, na ile niliyobaki nayo

Wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023 tulikuwa tunawasha mishumaa. Usiku mmoja mshumaa ukaangukia chandarua cha mwanangu. Nilikuwa macho, Mungu mwema, kikaungua upindo tu. Tangu siku hiyo mshumaa hauwashwi kwangu. Nimeshanunua taa tatu, na mbili za kwanza zilinilia hela bure.

Ya kwanza ni ile ya plastiki yenye mpini, ya kuchomeka ukutani. Mwanga wake ulinipendeza sana. Umeme ulipotulia nikaiweka juu ya kabati, ikakaa miezi. Siku nilipoihitaji iliwaka kama dakika kumi, ikafifia, ikazima. Fundi akaifungua: betri ya asidi, volti 4. Betri ya aina hiyo ikilala bila chaji, sahani zake za madini ya risasi hujaa utando mgumu wa salfeti na haishiki chaji tena. Inataka kuchajiwa mara kwa mara hata kama huitumii, na mimi sikuambiwa.

Ya pili ilikuwa ya lithiamu, betri yake imeandikwa 9900 mAh, yaani kipimo cha chaji inayobebwa na betri. Nikaamini. Haikumaliza saa mbili. Seli, yaani betri moja, ya ukubwa ule, wanayoiita 18650, hata iwe bora namna gani huishia kwenye 3500 mAh hivi. Fundi alinipa niishike mkono mmoja na seli nzuri mkono wa pili. Ile nzuri ina gramu 45 hivi. Yangu ilikuwa nyepesi kama ganda. Siku hizi nikiona namba kubwa kama zile, siulizi hata bei.

Niliyobaki nayo inatumia betri kubwa tatu za tochi, zile za D. Nilidhani ni mambo ya kizamani, lakini betri za alkalaini hukaa miaka dukani au kabatini bila kuisha, na zikiisha nanunua nyingine, taa ni ileile. Bei yake ndiyo inauma, siwezi kuficha. Ina mwanga wa ngazi tatu. Mtoto akisoma naweka wa juu. Wa chini kabisa ndio ninaoupenda: una rangi ya njano, hauumizi macho, na mama mkwe wangu anautumia kwenda choo cha uani usiku bila kushika ukuta. Seti moja ilituvusha wiki nzima ya kukatiwa kila jioni. Nikijua sitaitumia muda mrefu natoa betri, maana zikivuja zinakula vile visahani vya chuma.

Majuzi dada yangu wa Morogoro aliomba nimnunulie yake. Dukani nilimwambia muuzaji afungue kifuniko cha betri kwanza, nione ni ya aina gani. Akasema hiyo haifunguki. Nikaiacha, nikaenda duka la pili.