Spana ya toki, jeki na bastola ya joto: vitatu nilivyovijaribu kwenye trela langu

Haya, mnaliona hili boksi jekundu hapa mezani? Limeandikwa "vifaa vya dharura barabarani". Nililinunua kwa haraka, nikalitupia kwenye trela langu dogo la kulala safarini, nikalisahau. Siku tairi la trela lilipopasuka nikalifungua: spana ya magurudumu ni ya milimita 19. Nati za trela langu ni za 21. Yaani nilikuwa nimenunua kigoda.

Tangu siku hiyo nanunua kimoja kimoja. Leo nawaonyesha vitatu, na naanza na ninachokipenda zaidi: spana ya toki, yaani ya kukaza nati kwa mkazo uliopimwa. Unazungusha mpini hadi kwenye namba unayotaka, unakaza, mkazo ukifika inalia. Ngoja... tik. Mmesikia? Hapo unaacha, huongezi hata kidogo.

Kwa nini nahangaika hivi? Nati za gurudumu la mbele la gari zikilegea, usukani huanza kukutetemekea mikononi. Za trela hazikuambii kitu. Unaweza kujua siku gurudumu linapokupita barabarani. Stadi, yaani zile skrubu ambazo nati za gurudumu hufungwa juu yake, zikiwa za nusu inchi kama kwenye matrela mengi madogo, kwa kawaida zinataka mkazo wa kati ya nyutonimita 120 na 160. Namba yako isome kwenye kitabu cha trela lako, usichukue yangu. Kaza nati moja, kisha ile inayoielekea upande wa pili, na upandishe mkazo kwa hatua. Halafu kila ukilitoa gurudumu, rudia kuzikaza baada ya kilomita 16, 40 na 80. Najua wengi mnaruka hapa. Hata mimi niliruka mara moja, na nilipokuja kupima, nati mbili zilizunguka karibu robo nzima kabla ya tik.

Kasoro zake? Ni ndefu, haiingii kwenye droo yoyote ya trela. Ukimaliza lazima uirudishe kwenye namba ya chini kabisa, la sivyo springi yake inachoka na vipimo vinaanza kudanganya. Na si ya kufungulia nati, tafadhali. Chukua spana ya kawaida. Stadi nazo msizipake oili. Nyuzi zikiteleza, namba ileile inaivuta stadi kupita kiasi.

Cha pili, jeki ya chupa, ya tani 2. Nguvu inayo, shida ni kimo. Trela la ekseli moja likipoteza upepo linakaa chini kweli kweli, na jeki hii haikupita. Nilichimba mchanga kwa kijiko cha supu, msinicheke. Jeki ya mkasi inaingia penye nafasi ndogo, kwa hiyo nimehamia huko. Kabla ya kuinua, acha trela likiwa limefungwa kwenye gari, weka kabari kwenye gurudumu la upande wa pili, na inua pale mtengenezaji alipoonyesha. Kuna ekseli ambazo hazitakiwi kuinuliwa kwa bomba lake, zinapinda. Na ile miguu ya pembeni ni ya kutuliza trela ukiwa umeegesha. Si jeki.

Cha tatu ni hii bastola ya joto, kipimajoto cha kuelekeza tu, bila kugusa. Kila nikisimama kupumzika naielekeza kwenye habu, yaani vitovu vya magurudumu, za pande zote mbili. Namba yenyewe hainishughulishi sana, natazama tofauti. Siku moja kushoto ilisoma 42, kulia 80. Nikadhani beringi imekufa, kumbe ni breki imeng'ang'ania. Ila chuma kinachong'aa kinaidanganya, inasoma chini ya joto halisi, ndiyo maana mnaona nimebandika kipande cha utepe mweusi kwenye kila kifuniko cha habu. Bila utepe ni mwanasesere tu. Ukiwa na pesa ya kifaa kimoja, nunua spana. Hii itasubiri, maana hata mgongo wa mkono ukiusogeza karibu na habu utausikia moto.

Boksi jekundu nimelitoa pembetatu za kuakisi mwanga, hizo ni nzuri. Lenyewe sijalitupa. Video ijayo mtaniona nimelikalia, nafungua beringi na kupaka grisi upya.