Una vitabu pepe elfu tatu? Angalia rafu kabla ya skrini

Anayenunua kisomaji cha vitabu pepe kwa mara ya kwanza huuliza mambo matatu: skrini ina ukubwa gani, chaji inakaa siku ngapi, na je, kikiingia maji kitapona? Kwa mwenye vitabu ishirini, maswali hayo yanatosha. Kwa mwenye elfu mbili au tatu, hayo ni mambo ya pembeni. Karibu visomaji vyote vinatumia skrini za wino wa kielektroniki kutoka kampuni ileile, E Ink, na vingi vina nukta 300 kwa inchi. Ukiviweka viwili kando kwa kando, ukurasa wa riwaya unafanana. Usichoonyeshwa dukani ni ukurasa wa maktaba, na huko ndiko vinakoachana.

Kwenye simu unateleza kidole na orodha ya majina mia mbili inapita mbele yako. Skrini ya wino haitelezi hivyo. Inageuza ukurasa mmoja mmoja, kila ukurasa ukiwa na majalada machache, na kila unapogeuza inapepesa kidogo. Kitabu kinachoanza na herufi M katika orodha ya elfu tatu kinaweza kuwa kurasa mia kadhaa mbele. Kuna kisanduku cha kutafutia, ndiyo, lakini ni mpaka ukumbuke jina, na kibodi ya wino ni nzito. Zaidi ya hapo, mwenye maktaba kubwa mara nyingi hajui anachotafuta. Anataka tu kupita kwenye rafu ya historia aone kilichopo.

Kwa hiyo nimevipanga visomaji vya aina nne, Kobo, PocketBook, Onyx Boox na Kindle, kwa swali moja: mpangilio uliouweka kwenye kompyuta, kifaa kinaupokea au kinautupa? Nachukulia kwamba vitabu vyako vingi umevikusanya mwenyewe kutoka sehemu mbalimbali. Kama vyote umevinunua kwenye duka moja, ruka hadi nafasi ya nne. Huenda kwako ndiyo ya kwanza.

1. Kobo

Kobo inashinda kwa sababu inasikilizana vizuri na calibre, programu ya bure ya kupanga vitabu iliyoanzishwa na Kovid Goyal mwaka 2006. Ukurasa wa vitabu vyako kwenye Kobo una sehemu nne: vitabu, waandishi, mifululizo na mikusanyiko. Mbili za mwisho ndizo zinazokuokoa. Ndani ya calibre, kwenye mipangilio ya kifaa cha Kobo, kuna sehemu ya kuandika ni safu ipi ya jedwali la vitabu vyako igeuzwe kuwa mikusanyiko. Ukiandika safu ya lebo, kila lebo inakuwa rafu kwenye kisomaji: historia, mashairi, upelelezi, vya kazini.

Hapo watu wengi hukwama, kwa sababu lebo zinazokuja na vitabu vya kupakua ni vurugu tupu. Kitabu kimoja kinaweza kubeba lebo kumi na mbili, nusu zikirudia maana ileile kwa maneno tofauti, na ukizituma zote unaamka na rafu mia nne. Dawa yake ni kutengeneza safu yako mwenyewe ndani ya calibre, tuseme uiite «rafu», uijaze kwa majina machache uliyoyachagua, kisha uelekeze Kobo isome safu hiyo tu. Kazi ya jioni moja au mbili, lakini ukishaimaliza hata kifaa kikiharibika unachomeka kipya na rafu zinarudi zilivyokuwa.

Jambo jingine la kulijua mapema: ukituma vitabu vya mfululizo na namba zake hazionekani, usihangaike kuvifuta. Chomoa, kiache kisomaji kimalize kuviingiza, kisha chomeka tena. Kobo huweka kumbukumbu za vitabu kwenye hifadhidata yake, na calibre wakati mwingine huhitaji kitabu kiwe kimeshaingia humo ndipo iweze kukiandikia taarifa za mfululizo.

Kasoro ipo. Kobo yenyewe haionyeshi folda, na mkusanyiko hauwezi kuwekwa ndani ya mkusanyiko. Aliyezoea kupanga historia, ndani yake Afrika, ndani yake karne ya 19, atasikia kubanwa. Pia ukifuta akaunti na kuanza upya, mikusanyiko ya vitabu ulivyoingiza kwa waya hupotea mpaka calibre ikuwekee tena.

Ya kununua? Libra Colour, iliyotoka 2024: inchi 7, GB 32, na vitufe vya kugeuzia kurasa ambavyo hukurahisishia hata kupita kwenye orodha. Rangi si lazima, na picha za rangi hushuka hadi nukta 150 kwa inchi, ila majalada yenye rangi husaidia jicho kutambua kitabu haraka. Asiyejali rangi wala vitufe, Clara BW ya inchi 6 na GB 16 inampa maktaba ileile.

2. PocketBook

Kuna watu hawataki calibre kabisa. Wamepanga vitabu vyao kwenye folda kwa miaka, wanajua kila kilipo, na wanachotaka ni kunakili folda hizo zilivyo na kuzikuta zilivyo. Kwa hao PocketBook ingekuwa ya kwanza. Maktaba yake inakuruhusu kupanga kwa mwandishi, kwa aina, kwa mfululizo, na pia kwa folda, ndani ya folda, ndani ya folda. Inafungua miundo mingi ya faili bila kubadilisha chochote: EPUB, PDF, MOBI, FB2, DJVU na mingineyo. Mwenye nyaraka za zamani zilizopigwa skani atalishukuru hilo la DJVU.

Baadhi ya matoleo yana tundu la kadi ya kumbukumbu, na hapo soma maelezo kwa makini kwa sababu majina yanapotosha. Verse ya kawaida ina GB 8 na inapokea kadi ya hadi GB 128, lakini skrini yake ni ya nukta 212. Verse Pro ina skrini nzuri ya nukta 300 na GB 16, ila tundu la kadi halipo. «Pro» hapa imekupa kimoja na kukunyima kingine.

Ukipanga kwa folda, faili nazo zinahitaji nidhamu. Orodha inayopangwa kwa jina la faili inaweza kukuwekea kitabu cha 10 kabla ya cha 2. Andika 01, 02, 03. Ni kitu kidogo, lakini mfululizo wa vitabu ishirini usiofuatana ni kero ya kudumu.

3. Onyx Boox

Boox ni tableti ya Android yenye skrini ya wino. Maana yake ni kwamba usipoipenda maktaba yake unaweka programu nyingine ya kusomea: Moon+ Reader, Librera, yoyote. Kuna kidhibiti faili, na matoleo kama Go Color 7 yana GB 64 pamoja na tundu la kadi. Kwa uwezo mtupu, hakuna kinachoigusa kwenye orodha hii.

Mbona basi iko ya tatu? Kwa sababu uwezo huo unaulipia kwa chaji na kwa muda wa kuchezea mipangilio. Kila programu ina maktaba yake, kila moja inachanganua folda zako upya, na alama ya mahali ulipofikia kwenye programu moja haijulikani kwenye nyingine. Nawajua watu wanaoipenda kwa sababu hiyohiyo: wanafurahia kuitengeneza. Mimi nataka kusoma. Ila kama vitabu vyako vingi ni PDF kubwa au katuni, au unasoma kutoka maduka mawili matatu kwa wakati mmoja, ipandishe juu ya PocketBook.

4. Kindle

Kindle ni kisomaji kizuri chenye rafu mbaya. Paperwhite ya 2024, inchi 7 na GB 16, ina skrini safi na inageuza kurasa haraka. Ukinunua vitabu Amazon, mifululizo hujikusanya yenyewe chini ya jalada moja, na mikusanyiko unaweza kuipanga kupitia tovuti, vitabu vingi kwa mpigo, badala ya kugusagusa skrini.

Shida huanza na vitabu vya nje. Folda ulizotengeneza hazionekani. Mpangilio wa mifululizo hauvihusu. Calibre haiwezi kukutengenezea mikusanyiko kwenye Kindle za sasa kama inavyofanya kwenye Kobo, kwa hiyo vitabu elfu mbili utavipanga kwa kidole. EPUB haisomwi ikinakiliwa kwa waya. Ni lazima ibadilishwe kwanza, au ipitie huduma ya Send to Kindle, ambayo imeipokea tangu 2022, na kitabu kinaweza kuishia kwenye kundi la nyaraka badala ya vitabu. Matoleo mapya yanaunganishwa na kompyuta kwa MTP, njia ya kuhamishia faili kwa waya, na kompyuta za Mac haziielewi bila programu ya ziada, ingawa calibre yenyewe inamudu.

Kuna na hili la mlango mmoja kufungwa: Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakulia kwenye kompyuta vitabu ulivyonunua ili uvihamishe kwa waya. Mwenye kutaka kuhifadhi nakala zake mwenyewe inafaa alitafakari hilo kabla ya kuongeza vitabu vingine huko.

Ukiamua kuichukua, usimwage vitabu vyote kwa siku moja. Kindle husoma kila kitabu kipya ndani kwa ndani ili maneno yake yaweze kutafutwa, na ukiipa elfu moja kwa mkupuo, chaji huisha haraka na kifaa huwa kizito mpaka imalize. Wapo waliokirudisha dukani wakidhani betri ni mbovu. Weka mia, kiache usiku kikiwa kwenye chaji, kisha ongeza.

KOReader, inayovuruga orodha hii

Kuna programu ya bure ya kusomea vitabu iitwayo KOReader inayoingia kwenye Kobo, PocketBook na vifaa vya Android. Kindle nayo inaipokea, lakini baada ya kuvunja kufuli la mfumo, kazi ambayo haifai kwa kila mtu. KOReader huonyesha folda pamoja na majalada, na hutafuta kwa mwandishi, lebo au mfululizo kwa kusoma faili ya metadata.calibre ambayo calibre huiacha kwenye kifaa. Kobo yenye KOReader ina njia zote mbili: mikusanyiko upande mmoja, folda upande mwingine. Sura yake ni ya mafundi na menyu ni nyingi, lakini hakuna anayekulazimisha kuitumia kila siku.

Kabla ya kutoa pesa

Ukubwa wa hifadhi usikutishe. Riwaya ya maandishi matupu mara nyingi haizidi MB chache, hivyo GB 16 zinabeba vitabu kuliko utakavyovisoma. Wanaohitaji GB 32 au kadi ni wenye katuni na PDF za skani, ambako faili moja inaweza kufika mamia ya MB.

Kisha safisha majina. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenyewe likiwa bovu hakuna kisomaji kitakachokuponya. Mwandishi mmoja akiandikwa kwa jina kamili mahali pamoja, kwa herufi za kwanza pengine, na kwa jina la ukoo likitangulia mahali pa tatu, kifaa kitamhesabu kuwa watu watatu. Kwenye calibre, orodha ya waandishi upande wa kushoto inakuonyesha hao mapacha wote. Unabofya jina kwa kitufe cha kulia cha kipanya, unalibadilisha mara moja, na vitabu vyake vyote vinafuata.

Ukipata nafasi ya kukishika kisomaji kabla ya kununua, usifungue kitabu. Fungua maktaba, badili mpangilio kutoka jina kwenda mwandishi, ingia kwenye mkusanyiko na utoke, andika herufi tatu kwenye kisanduku cha kutafutia. Vifaa vya maonyesho huwa na vitabu vichache tu, kwa hiyo kikisuasua hapo, kikiwa na elfu tatu kitakushinda.