Kusubiri Mchapishaji au Kujichapishia

Tangu Serikali ilipoirudishia Taasisi ya Elimu Tanzania kazi ya kuandaa vitabu vya kiada, wachapishaji binafsi wa Dar es Salaam wamepungukiwa na mapato yaliyokuwa yakibeba gharama za riwaya na mashairi, na anayeumia zaidi ni mwandishi chipukizi.

Akisubiri mchapishaji, hatoi fedha. Hupata mhariri, msanifu wa jalada na njia ya kufika madukani, kisha hulipwa mrabaha, yaani sehemu ya mauzo, ingawa mswada wangu mmoja ulikaa miezi 14 na kurudishwa bila alama hata moja ya kalamu.

Akijichapishia, huomba ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba, hupeleka faili kwa mpiga chapa Kariakoo, na baada ya wiki chache maboksi yamejaa sebuleni. Hapo ndipo kazi huanza: kuuza kwa WhatsApp, kutuma kwa bodaboda, kudai wauzaji waliochukua kwa mali kauli. Gharama ya mhariri ndiyo hurukwa kwanza, na msomaji huligundua hilo ukurasa wa pili.

Riwaya ya kwanza ningeisubirishia mchapishaji, ila kwa muda niliojiwekea. Diwani ya mashairi, ambayo wachapishaji huikwepa hata nyakati za neema, ningeichapa mwenyewe, nakala 200 tu.