TAHADHARI kwa wafamasia: usikubali mtu akufungulie akaunti ya leseni ya Kanada

Wafamasia wenzangu mnaohangaikia Kanada, someni hili kabla hamjatuma hela. Nimelizwa, na aliyeniliza bado yuko kazini kwenye makundi ya WhatsApp.

Anajiita mshauri wa leseni. Ukweli njia anaijua, ndiyo maana nilimwamini. Alinieleza lango la mtandaoni la NAPRA (umoja wa mamlaka za famasia Kanada) unakojisajili kupata namba ya utambulisho, kisha PEBC (bodi ya mitihani ya famasia ya Kanada) wapitie nyaraka, kisha Mtihani wa Tathmini, kisha Mtihani wa Kufuzu wenye sehemu mbili: maswali ya kuchagua, na ule wa kuzunguka vituo ukihudumia mgonjwa wa kuigiza. Yote sahihi. Uongo ulianza aliposema kwa mtu mwenye uzoefu wa miaka minane kama mimi, Mtihani wa Tathmini unarukwa, yeye ana mtu wake ndani. Nisifiche, uongo huo niliupenda. Nani anatamani kurudia kemia ya dawa baada ya miaka minane kaunta?

Akaomba akaunti aifungue yeye, "usije ukakosea kujaza". Barua pepe yake, neno la siri lake. Akataka na vyeti vyangu halisi ili eti avifikishe kwa mkono. Nikampa.

Hapo pa vyeti ndipo ningeshtuka, maana utaratibu hauko hivyo kabisa. Nakala rasmi ya matokeo inatumwa na chuo chenyewe moja kwa moja PEBC, na uthibitisho wa usajili unatoka kwa baraza lililokusajili. Haupiti kwako, sembuse kwa wakala. Hata wanaotafuta cheti cha FPGEC cha Marekani, kile cha wafamasia waliosoma nje ya nchi hiyo, uthibitisho wao wa leseni hutumwa na mamlaka iliyoitoa.

Miezi mitatu baadaye nikatumiwa barua ya PDF: nyaraka zimekubaliwa, nimesamehewa mtihani. Nembo safi, saini ipo. Ila jina langu la kati limekosewa vilevile anavyolikosea yeye kwenye meseji, na tarehe ya barua nikiiangalia kwenye kalenda ni Jumapili. Nikapiga simu ofisi ya msajili wa chuo nilikosoma. Mama aliyepokea akapekua, akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, hapa hakuna aliyeomba nakala yako."

Nilipomdai neno la siri, jamaa akaja juu. Nilipe tena ndipo "aachie faili". Hapo nikaelewa kuwa akaunti ile aliifungua ili anishike.

Sasa nasikia kaongeza bidhaa: barua ya ajira kwenye duka la dawa, mwombaji achangie ada ya LMIA (idhini ambayo mwajiri wa Kanada huiomba ili aajiri mgeni). Jamani, ada hiyo ni dola 1,000 za Kanada, anailipa mwajiri, na haruhusiwi kuidai kwa mfanyakazi. Anayekuambia uchangie anakula hela yako. Na mkipeleka uhamiaji barua ya kughushi, adhabu ni kufungiwa kuingia Kanada miaka 5, na kusema "ni wakala wangu" hakukuokoi, maana ombi lina jina lako.

Anayelipwa kukuwakilisha uhamiaji Kanada lazima awe wakili au msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa na chama cha wanasheria cha jimbo, mthibitishaji (notari) wa Quebec, au mwanachama wa CICC (chombo kinachosajili washauri wa uhamiaji), na orodha ya CICC iko wazi mtandaoni, unatafuta jina kwa dakika moja. Mimi nilimuuliza huyu namba yake ya uanachama, akanijibu "iko kwenye mchakato", nami nikaridhika! Ukishafika hatua ya kuridhika na jibu kama hilo, tayari umeshaingizwa mjini.

Namba za simu anabadilisha, ila picha ya wasifu ni ileile: koti jeupe na bendera ya Kanada nyuma. PEBC nimewaandikia mwenyewe kuhusu akaunti. Kama nawe umepita mikononi mwake, nitumie ujumbe tuunganishe malalamiko, na usifute meseji wala risiti hata moja. Vyeti vyangu halisi bado anavyo.