Miaka sita kwa kazi ya kaunti, naipa nyota tatu kwa tano

Kuna watu wameitwa intavyuu na bodi ya kuajiri ya kaunti hapa Kenya wananiuliza kama hii kazi iko sawa, wacha nijibu wote mara moja. Kaunti yangu sitaitaja. Ni moja ya zile kubwa, tuko maelfu, kuanzia manesi mpaka wale wa kukusanya ushuru sokoni, mimi niko kilimo, afisa wa nyanjani, na wadi nzima ni yangu peke yangu.

Kuingia ni makaratasi mengi. Cheti cha polisi, KRA (ya ushuru), HELB (ya mkopo wa masomo), EACC (ya kupambana na ufisadi), CRB (ya rekodi ya madeni yako), na zingine ni za kulipia, so anza kutafuta mapema. Ukipita unakaa miezi sita ya majaribio ndio uthibitishwe. Ukipewa kontrakti badala ya ajira ya pensheni, soma tarehe ya mwisho kabla uweke saini, nimeona wenzangu gavana akibadilika na kontrakti zao zinaisha hivyo tu.

Sasa mshahara, hapa ndio nataka mskize vizuri. Pesa iko lakini tarehe haiko. Mimi niliingia 2019, ule mwaka Bunge la Taifa na Seneti walivutana juu ya mgao wa pesa za kaunti, mwaka wa fedha ulianza Julai na sheria ya huo mgao ikasainiwa Septemba, na mimi ndio nimeripoti tu, nyumba nimelipia deposit, nikala kwa dada yangu karibu miezi mitatu. Siku hizo nilidhani ni bosi ametukalia. Baadaye nikaelewa pesa yetu nyingi hutoka Hazina Kuu Nairobi, na hata ikifika kwa akaunti, kaunti haiwezi kuitoa mpaka Msimamizi wa Bajeti (Controller of Budget) aidhinishe, so pakikwama mahali pamoja tu nyinyi wote mnangoja.

Yenye iliniuma zaidi ni ya sacco, chama changu cha akiba na mikopo. Peislipu inaonyesha nimekatwa mkopo, kila mwezi, halafu sacco inanipigia nimechelewa kulipa, kumbe ile pesa ilikatwa na haikupelekwa, na riba ya kuchelewa nikawekewa mimi. Nilienda ofisi ya mishahara mara nne hadi ikalipwa. Kwa hivyo kila mwezi chukua peislipu yako ulinganishe na steitimenti ya sacco na ya pensheni, usiamini peislipu pekee. Na usikope mpaka ile theluthi ya mwisho, sheria inakulindia theluthi moja ya mshahara wa msingi lakini mwezi ukichelewa hata hiyo theluthi hauioni.

Vifaa nipe nyota moja. Pikipiki nilipewa, mafuta mara nyingi natoa mfukoni, na mkulima wa mwisho kwa wadi yangu nikimfikia ni saa mbili za barabara ya vumbi.

Lakini kazi yenyewe jamani. Kuna mama mmoja alikuwa karibu kung'oa mahindi yake yote juu ya viwavijeshi, amenunua dawa mara mbili na ananyunyiza saa sita mchana. Tukafungua mmea mmoja pamoja, nikamwonyesha wanajificha ndani kabisa kwa moyo wa mhindi mchana na wanatoka kula jua likipoa, so dawa ipigwe asubuhi sana au jioni na ielekezwe mle ndani. Alivuna. Sio kama jirani yake wa kando ya mto lakini alivuna, na sasa yeye ndio anafundisha kikundi chake kabla hata nifike. Hiyo sijawahi ipata nikiwa nauza dawa kwa agrovet, duka la dawa za kilimo na mifugo, kule nilikuwa nauza chupa tu.

Likizo ni siku thelathini kwa mwaka na unalipwa, nilipojifungua nilipata miezi mitatu na mshahara ukaendelea kuingia (ukichelewa kama kawaida). Kwa agrovet ningerudi na mtoto wa wiki mbili.

Kama una akiba ya kukushikilia miezi mitatu, kubali. Kama unategemea mshahara wa kwanza kulipa kodi, ongea na mwenye nyumba kabla uripoti, mwonyeshe barua ya ajira, wengi wameshazoea kungoja watu wa kaunti. Wangu alikubali.